Nilitoa nyota tano kwa gitaa la bure, dogo akalipa kwa sungura wake



Hii posti nimeikwepa miezi mitatu. Wengi mmeniuliza mbona ile video ya gitaa la PlayStation ilipotea kwa akaunti yangu, na mbona siku hizi sionyeshi vitu vya lile duka la mjini. Jibu ni moja. Ni refu kidogo na halinipendezi, lakini nawadai.

Kwa wageni: naishi Kaaga, hapa Meru. Niko na miaka 22. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo natengeneza video kuhusu gemu na vifaa vya bei ya kwetu, vile vya mitumba, vilivyotumika ng'ambo vikaletwa na kontena. Mchana utanipata kwa PS ya binamu yangu, karibu na hosteli za wanafunzi. Ni chumba cha mabati, TV tatu, PlayStation 2 mbili, PlayStation 3 moja, na benchi ambalo nusu ya vijana wa Kaaga wamelikalia. Mechi ya mpira ni shilingi 20. Ukifungwa unatoka, mwingine anaingia.

Gitaa lenyewe

Kama hujawahi kuliona, wacha nieleze. Gemu inaitwa Guitar Hero. Ilitoka Marekani mwaka 2005. Harmonix ndio waliotengeneza gemu, na RedOctane wakatoa gitaa lake. Haichezwi na padi ya kawaida. Unapewa gitaa la plastiki, dogo kuliko la kweli, lililoigwa umbo la Gibson SG. Halina nyuzi. Shingoni lina vitufe vitano: kijani, nyekundu, manjano, buluu na chungwa. Pale ambapo ungepiga nyuzi kuna kijiti bapa unachokisukuma juu au chini kwa kidole gumba.

Kwenye skrini kuna barabara inakuja kuelekea kwako ikiwa imebeba vidoti vya rangi. Kidoti kikifika kwa mstari, unashika rangi yake na kupiga kijiti wakati huo huo. Ukipatia, wimbo unaendelea vizuri. Ukikosea, sauti ya gitaa inakatika. Ukikosea sana, watazamaji wa ndani ya gemu wanakuzomea mpaka unatolewa jukwaani. Kuna mkono mdogo wa kuyumbisha sauti, na kuna ile raha ya kuinua shingo ya gitaa juu ukishakusanya nguvu, alama zikaongezeka maradufu, nawe ukajiona uko kwa uwanja umejaa watu, kumbe uko Kaaga umesimama kwa simiti na soksi moja.

Enyewe ni raha. Hiyo sitakanusha hata leo. Shida haikuwa gemu. Shida ilikuwa mimi.

Ile video

Mwezi wa nne jamaa wa duka moja la mjini alinipigia simu. Duka sitalitaja, na tafadhali nanyi msilitaje. Alikuwa amepata mzigo wa magitaa haya. Dili ilikuwa rahisi: nachukua moja pamoja na diski, linakuwa langu, nami natengeneza video. Wakati huo nilikuwa na deni la Fuliza ambalo lilikuwa linakula kila shilingi inayoingia kwa simu. Nilikubali hata kabla hajamaliza kuongea.

Nilienda kulichukua mwenyewe. Kwa stoo yake magitaa yalikuwa yamepangwa kama kuni. Alinipa la waya, lile la zamani, unachomeka kwa PlayStation 2 unacheza. Lakini mengi pale yalikuwa ya toleo la tatu, yale yasiyo na waya, ya kuweka betri. Hayo yanahitaji risiva, yaani kidude kidogo kinachochomekwa pale ambapo padi huingia, kipokee mawimbi ya gitaa. Bila risiva yake, gitaa halisemi chochote na konsoli. Mimi hiyo nilikuwa naijua.

Niliangalia zile katoni. Niliona magitaa. Sikuona risiva. Nikajiambia labda ziko kwa boksi lingine. Sikuuliza, juu nilijua nikiuliza naweza kupata jibu la kuharibu dili.

Jioni nikarekodi. Nilicheza nyimbo nne, kama dakika 20, kwa ile TV yetu nzito ya zamani yenye mgongo. Nikashika gitaa mbele ya kamera nikasema hii kitu ni moto, nyota tano, kimbieni mjini kabla yaishe, 3,500 tu. Ile video iliangaliwa mara 41,000. Kwa akaunti kama yangu hiyo ni sherehe. Magitaa yaliisha wiki mbili.

Sikusema nimepewa bure. Sikusema nimecheza dakika 20. Na sikusema kwamba lile nililoshika si aina ile mtakayouziwa.

Mathe wa dogo

Jumamosi moja mwezi wa tano, saa nne asubuhi, mama mmoja akaingia kwa PS. Kama unajua PS unajua mama akiingia kila mtu anainamisha kichwa, juu lazima kuna mtoto anatafutwa. Huyu wake alikuwa ameshampata. Nyuma yake kulikuwa na dogo wa kidato cha tatu, mwembamba, amebeba kitu kirefu ndani ya gunia la viazi.

"Muga," mama akatusalimia. Tukaitikia muga. "Nani kati yenu ni ule wa video?"

Binamu yangu akanionyesha kwa mdomo. Hakusita hata kidogo.

"Kijana, hii kitu ulisema ni nyota tano. Hebu nionyeshe hizo nyota."

Dogo akatoa gitaa kwa gunia. Toleo la tatu, bila waya. Nikaweka betri, nikawasha. Taa ikaanza kumetameta. Hiyo ndiyo ishara kwamba gitaa linatafuta risiva yake. Nikamuuliza kama alipewa kidude kingine chochote. Akasema alipewa gitaa na diski. Kwao wako na PlayStation 2 ambayo mjomba wake aliwaachia. Amejaribu wiki mbili, kila jioni baada ya kazi za nyumbani. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani ni mimi sijui kuitumia."

Wasee, hapo ndipo nilianza kujisikia vibaya kabisa. Mtu ameuziwa kitu kisichoweza kufanya kazi, halafu anajilaumu mwenyewe kwa sababu mtu kwa video alisema ni nyota tano.

Nikauliza pesa ilitoka wapi. Heri ningenyamaza. Dogo anafuga sungura tangu kidato cha kwanza. Aliuza watano, kila mmoja 700. Mama yake akasema, "Nilimwambia anunue viatu vya shule. Akaniambia, mum, huyu kijana ni wa hapa Kaaga, hawezi kutudanganya."

Tulienda mjini siku hiyo hiyo, sisi watatu kwa matatu moja, gitaa kwa magoti ya dogo. Jamaa wa duka alituonyesha kikaratasi kilichobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na kile anachonunua. Kikaratasi cha ukutani hakifuti Katiba. Alinisikiliza vizuri tu, akatabasamu, akasema:

"Mimi nilimwambia nini huyu kijana? Hakuna. Wote walikuja hapa na simu mkononi wakionyesha video yako. Wewe ndiye ulisema nyota tano."

Sikuwa na jibu. Kama kuna mtu aliyekosa kumpa dogo habari anazohitaji, alikuwa duka na mimi, na kati yetu wawili, mimi ndiye aliyekuwa ameaminiwa. Tukitoka nje mama akaniambia neno moja tu, bila hasira: "Ni wewe uliuza."

Jioni hiyo nilimpa dogo gitaa langu la waya, nikabaki na lake. Nikafuta video. Nikadhani nimemaliza.

Nyota za watu wa mbali

Usiku sikulala. Nilianza kusoma maoni ya wateja wa hii gemu kutoka nje, mamia, mengine ya zaidi ya miaka 15 iliyopita. Nilitaka kujua kama wao pia walidanganya kama mimi.

Hawakudanganya. Lakini nyingi ya zile nyota tano ziliandikwa siku ile ile boksi lilifunguliwa. Mtu amepewa zawadi ya Krismasi, familia imejaa sebuleni, baba anachekwa na watoto, kila mtu ana furaha. Nyota tano. Ni ukweli, lakini ni ukweli wa siku moja. Na ni ukweli wa boksi jipya lenye kila kitu ndani, risiva ikiwemo.

Nyota moja nazo ziliandikwa kwa hasira. Kijiti kimelegea. Kitufe cha chungwa hakishiki. Gitaa la toleo la tatu la umbo la Les Paul lina shingo inayotoka, na pale inapoungana vyuma vikichafuka au kulegea, vitufe vinakataa katikati ya wimbo. Hasira ile ina haki yake, lakini ukisoma mtu ameandika tu "takataka", hujui alivunja mwenyewe au lilikuja limevunjika.

Yaliyonisaidia yalikuwa ya katikati. Nyota tatu. Mtu anasema amelitumia miezi sita, anacheza saa ngapi kwa siku, nini kiliharibika kwanza, alikisafishaje, na TV yake ni aina gani.

Hiyo ya TV ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. TV ya zamani yenye mgongo inaonyesha picha papo hapo. Nyingi za TV bapa zinachakata picha kwanza, kwa hivyo inachelewa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa sinema huwezi kugundua. Kwa gemu ambayo kazi yake yote ni kupiga kwa wakati, unakosa kila kidoti na unadhani huna mdundo mwilini. Gemu za baadaye ziliweka mahali pa kurekebisha huo uchelewaji. Mimi nilijaribu kwa TV ya mgongo, nikawaambia watu wenye TV bapa ni nyota tano.

Na kuna kisa kimoja ambacho kilinifundisha maoni ya mteja yanaweza kufanya nini. Toleo la tatu, Guitar Hero III, lilipotoka mwaka 2007, waliolinunua kwa Wii waligundua kitu. Hawakusema tu "sauti mbaya". Walisema sauti inatoka mono, si stereo. Walisikiliza, wakalinganisha, wakasema shida ni hii hapa. Activision, waliokuwa wachapishaji, wakakubali na wakatangaza kubadilishia watu diski bila malipo. Malalamiko yaliyotaja kitu chenyewe yalipata jibu.

Toleo hilo hilo, Activision walisema mwaka 2009 kwamba mauzo yake yamepita dola bilioni moja. Lakini mwaka huo huo walitoa gemu nyingi za aina hii hadi watu wakachoka, kila mara plastiki nyingine ya kuhifadhi chini ya kitanda. Mwaka 2011 wakafunga kitengo chote. Walijaribu tena mwaka 2015 na Guitar Hero Live, gitaa likawa na vitufe sita, na nyimbo nyingi zikawa zinachezwa kupitia intaneti. Mwisho wa 2018 wakazima mitambo hiyo, waliokuwa wamenunua wakabaki na nyimbo 42 za kwa diski. Yule aliyetoa nyota tano mwaka 2015 hakukosea. Lakini nyota zake hazikuwa na njia ya kumwambia mnunuzi wa 2019 kwamba nusu ya kitu haipo tena.

Nikikaa na hiyo usiku, nilijikuta nafikiria chuo. Mimi mwenyewe kozi yangu nilichagua kwa nyota tano za watu wengine. Mjomba alisema iko na kazi. Mwalimu alisema iko na kazi. Hakuna aliyekuwa ameisoma. Hakuna aliyeniambia karo ya mwaka wa pili itakuja wakati mathe hana mzigo wa kuuza Gakoromone, wala kwamba mimi ni mtu wa mikono na nitakauka kwa vitabu vile. Sijawalaumu, walinitakia mema. Lakini nakumbuka nilivyokaa kwa hosteli nikijiambia ni mimi sijui. Maneno yale yale ya dogo.

Daftari la PS

Jumamosi iliyofuata dogo akarudi, na gitaa langu la zamani, sasa lake. Binamu akatoa wazo: liachwe hapa Jumamosi, watu wacheze wimbo mmoja kwa 20, dogo achukue 10 kwa kila wimbo mpaka pesa ya sungura irudi. Hesabu ni nyimbo 350. Nami nikaongeza sharti langu: kila anayecheza aandike maoni kwa daftari. Jina si lazima. Aseme tu ukweli.

Daftari limejaa sasa. Hizi ni baadhi ya zile nilizojifunza kwake.

Jamaa wa boda aliandika kwamba kidole chake kidogo hakifiki chungwa. Miaka sita vidole vyake vya kushoto vinashika klachi vyote kwa pamoja, havijawahi kufanya kazi kimoja kimoja. Alicheza levo rahisi, ambayo inatumia vitufe vitatu tu, akafurahia sana. Kwake ni nyota nne, mradi asipelekwe mbele.

Mpiga gitaa wa kanisani alishindwa vibaya. Mnajua Kaaga ni nchi ya Wamethodisti kwa zaidi ya miaka 100, na huyu jamaa Jumapili anaweza kubeba ibada nzima peke yake. Hapa alitolewa jukwaani kabla ya wimbo kufika nusu. Aliandika kwamba masikio yake yanamtangulia: anapiga kile anachosikia, gemu inataka apige kile anachoona. Nikamuuliza, je, inafundisha gitaa? Akasema hapana. Inafundisha kukaa kwa mdundo, na mikono miwili kufanya kazi tofauti bila kugombana. Mtu anayetaka gitaa atafute gitaa. Hiyo naiandika hapa kwa sababu mmeniuliza sana, na ningekuwa mkweli mwanzoni ningeenda kumuuliza yeye.

Mwanafunzi mmoja wa chuo aliandika sentensi fupi: "Nyimbo zote sizijui." Ni kweli, na ni jambo kubwa. Karibu zote ni roki za Marekani na Uingereza. Sisi tumekulia gitaa, wasee. Tumekulia benga, ile ya D.O. Misiani na Shirati Jazz, gitaa zinafukuzana hadi huwezi kukaa. Tumekulia Joseph Kamaru kwa redio za wazazi wetu, na mugithi ya mtu mmoja na gitaa lake Ijumaa usiku. Lakini kwa gemu ya gitaa hatumo. Mtu wa Ohio anacheza wimbo aliousikia tangu utotoni, mwili wake tayari unajua kidoti kinakuja wapi. Wewe unasoma vidoti kama lugha ya kigeni. Nyota zake tano zina miaka 20 ya kusikiliza redio ndani yake. Zako zinaanza na sufuri. Huyo mwanafunzi sasa anajaribu Clone Hero, gemu ya bure ya kompyuta inayofanana na hii, ambayo inaruhusu mtu kujiwekea wimbo wake na kupanga vidoti mwenyewe. Anapanga benga. Anasema dakika moja ya wimbo inamchukua jioni nzima.

Msichana mmoja, yeye ni wa mkono wa kushoto, alisimama muda mrefu akiangalia tu. Nikamwonyesha kwamba ndani ya gemu kuna mahali pa kugeuza kila kitu kwa mtu wa kushoto. Aliandika kwamba darasa la pili alikuwa anapigwa kwa kushika penseli vibaya, na hiki ndicho kitu cha kwanza kimemuuliza anatumia mkono gani. Alitoa nyota tano. Hizo nazikubali zote.

Na mtoto wa miaka tisa, ambaye hatukumtoza, aliandika: "Ni tamu lakini inapiga kelele tak tak tak." Pia kweli. Kile kijiti kina kelele. Ukicheza usiku kwa chumba cha kupanga, jirani atakuja.

Nilichobadilisha

Nilirekodi video mpya. Niliweka gitaa zote mbili mezani, la waya na lile bovu linalometameta. Nikaeleza nilipewa bure. Nikaeleza risiva. Nikasoma daftari. Iliangaliwa mara 1,900. Jamaa wa duka alinizuia kwa simu, na wengine wawili waliokuwa wananipa vitu pia wakanyamaza. Watu watatu walinitafuta wakisema nao walinunua yasiyo na risiva. Siwezi kuwarudishia wote 3,500. Nimewaambia hivyo hivyo. Mmoja alinitukana, na sikumjibu, juu alikuwa na haki.

Kuanzia sasa kila kitu nitakachowaonyesha kitakuwa na mambo haya mwanzoni, kabla sijasema kama ni kizuri. Kwanza, nilipata vipi: nimenunua, nimeazimwa au nimepewa. Pili, nimetumia muda gani. Tatu, nimetumia na nini, TV gani, konsoli gani, stima ya aina gani, maana hapa kwetu stima inapotea ikirudi na nguvu zake. Nne, ukikinunua leo utapata kile kile nilichoshika, ama kingine. Na tano, ni nani hakitamfaa. Kama siwezi kumtaja mtu ambaye hakitamfaa, basi sijakijaribu vya kutosha.

Kuna watakaosema nimefanya jambo dogo kuwa kubwa, gitaa la plastiki tu. Nimesikia hiyo hata nyumbani. Lakini angalia tunavyonunua vitu hapa. Simu, laini, mbolea, kozi, dawa ya nywele, shamba hata. Hatuna pesa ya kujaribu mara mbili. Mtu wa Marekani akinunua kitu kibaya anakirudisha kwa posta. Dogo wa Kaaga akinunua kitu kibaya, sungura wameshaliwa. Kwa hivyo neno la mtu aliyekitumia kwanza ndilo dhamana pekee tuliyo nayo, na mimi nililiuza kwa gitaa moja la waya.

Jumamosi iliyopita tulifika wimbo wa 212. Dogo ameshanunua sungura wawili, jike na dume, kwa hivyo hesabu itajimaliza yenyewe. Viatu vya shule bado. Mama yake alipitia kumchukua, akasimama mlangoni akimwangalia anacheza, kichwa kinatikisika, ulimi nje. Nikampa daftari. Alikataa kwanza, kisha akachukua kalamu, akaandika akiwa amesimama:

"Haina nyuzi. Pesa ilikuwa nyingi. Lakini Jumamosi najua mtoto wangu yuko wapi. Nyota tatu."

Hiyo ndiyo tathmini ya ukweli kuliko zote nilizowahi kusoma kuhusu hii gemu, na mimi nimesoma mamia.

Sasa ni zamu yenu. Niambieni kitu ulichonunua kwa sababu ya maneno ya mtu. Lakini usiniandikie "poa" ama "takataka". Andika ulilipa ngapi, umetumia muda gani, na unatumia ukiwa wapi. Kuna mtu ataisoma kesho akiwa na pesa yake ya sungura mkononi.